Kanda za Magendo na Rasimu Iliyochomwa

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta nikijadili bajeti, katiba na mwenendo wa vyuo vyetu vikuu. Leo naomba radhi, nitaanzia mbali kidogo, kwenye kabati la vitabu lililoko nyumbani kwangu. Katika rafu yake ya chini kabisa yamo makasha sita ya kanda, santuri na sidii za bendi moja tu, The Beatles ya Liverpool. Hizo si albamu zinazouzwa madukani. Ni mabaki ya studio: majaribio yaliyokatishwa njiani, nyimbo zilizoachwa bila kumalizwa, mazungumzo kati ya wimbo na wimbo, gitaa linalokazwa nyuzi, mtu anayekohoa, mtu anayeagiza chai. Nyingi kati ya hizo zilitoka studio kwa njia za panya, zikachapwa na watu wasiojulikana, zikauzwa chini ya meza. Kwa lugha ya mipakani tungeziita rekodi za magendo.

Mke wangu amezivumilia kwa miaka mingi. Jioni moja, baada ya kunisikia nikipiga jaribio la nne, la tano na la sita la wimbo mmoja, aliniuliza kwa upole, "Baba, huu si ndio ule ule?" Nilimjibu haraka kwamba hapana, si ule ule, kisha nikaanza kumhadhiria. Alinisikiliza kidogo, akaenda zake jikoni. Baadaye niligundua kwamba swali lake lilikuwa zito kuliko hadhara yangu. Kwa nini mtu mzima, mwalimu wa sayansi ya siasa mwenye mitihani ya kusahihisha, atumie fedha na usiku wake kufuatilia makosa ya watu wengine? Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo. Ndani yake limo pia ungamo ambalo nimelichelewesha kwa zaidi ya miaka ishirini.

Wimbo wa kwanza wa bendi hii niliusikia Tanga, nikiwa mtoto. Mjomba wangu alikuwa karani bandarini, na alikuwa na gramafoni aliyoilinda kuliko baiskeli yake. Miongoni mwa santuri zake za NUTA Jazz na Morogoro Jazz ilikuwamo moja ndogo ya Kiingereza, yenye wimbo uitwao Get Back. Hatukuelewa maneno. Tulielewa mwendo wake tu, ngoma zile zilizokwenda kama treni, na kinanda kilichochezwa na Mmarekani Billy Preston. Kwetu wimbo huo ulikuwa kitu kilichokamilika, kama vile mwezi ulivyokamilika. Haukutupitia akilini kwamba uliwahi kuwa kitu kingine kabla ya kuwa santuri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikwenda Uingereza kusoma. Siku za Jumamosi, katika soko la mji niliokuwa nikiishi, alikuwapo mzee mmoja aliyeuza santuri kuukuu. Baada ya kuniona mara tatu nne, aliinama akatoa kasha la viatu chini ya meza. Ndani mlikuwa na kanda za kaseti zenye maandishi ya mkono: tarehe, namba za roli, hakuna zaidi. Nilinunua moja kwa fedha iliyokuwa ya chakula cha siku mbili. Usiku ule, katika chumba chenye baridi, niliwasikia watu wanne niliowajua kama sanamu wakikosea, wakibishana, wakichoka. Tangu hapo sikuweza tena kuusikiliza wimbo wowote kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni.

Biashara hii ya magendo ina historia yake. Mwaka 1969 huko Los Angeles ilitoka santuri ya Bob Dylan isiyo na jina la kampuni wala la mwanamuziki, ndani ya jalada jeupe. Wanunuzi waliiita Great White Wonder. Haikupita miezi mingi ikafuata Kum Back, santuri ya The Beatles iliyotokana na nakala ya majaribio iliyovujia kwenye vituo vya redio vya Marekani. Watu walikuwa wakiisikiliza kabla albamu rasmi, Let It Be, haijatoka mwezi Mei 1970. Katika miaka ya 1970 zikaibuka pia kanda za usaili wa tarehe 1 Januari 1962, pale vijana hao walipopiga nyimbo 15 mbele ya kampuni ya Decca jijini London na kukataliwa. Kampuni iliyowakataa ilibaki na aibu. Kanda ya kukataliwa kwao ikabaki kuwa shahidi.

Sitaki kuipamba biashara hiyo. Waliochapa santuri hizo hawakuwalipa wanamuziki hata senti moja, na baadhi walitajirika. Sisi wasomi ambao hulalamika kitabu chetu kikitolewa nakala kwenye kibanda cha fotokopi nje ya lango la chuo hatuna haki ya kuyaita magendo hayo ushujaa kwa sababu tu tunayapenda. Lakini ni kweli pia kwamba kampuni yenyewe ilianza kufungua maghala yake baada ya magendo kuonyesha kwamba wapo wasikilizaji. Mwaka 1995 na 1996 zilitoka juzuu tatu za Anthology, zenye majaribio yaliyokuwa yakizunguka kisirisiri kwa miaka. Mwezi Desemba 2013 zikatolewa rekodi 59 za mwaka 1963, na sababu haikuwa mapenzi kwa wasikilizaji. Sheria mpya ya Ulaya ilirefusha ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, ila kwa sharti kwamba rekodi iwe imetolewa kwa umma kabla ya miaka 50 kwisha. Asiyetoa, hupoteza. Mwenye ghala alifungua mlango kwa kuogopa kunyang'anywa ufunguo.

Ni kitu gani basi kinachosikika katika mabaki hayo ambacho hakisikiki katika kazi iliyokamilika? Nitatoa mfano mmoja mdogo, kisha mmoja mkubwa.

Mfano mdogo ni Strawberry Fields Forever. John Lennon aliutunga wimbo huo Almería, Hispania, mwaka 1966, na kuanzia mwezi Novemba bendi iliurekodi London. Jaribio la kwanza ni jepesi, karibu la unyonge, kama mtu anayejisemea peke yake. Jaribio la saba limetulia. Jaribio la 26 ni zito, lina tarumbeta na vyombo vya nyuzi, lina kasi nyingine na hata ufunguo mwingine wa sauti. Lennon alipenda mwanzo wa lile la saba na mwisho wa lile la 26, akamwomba mtayarishaji George Martin ayaunganishe. Martin alimweleza kwamba kasi hazilingani wala ufunguo haulingani. Hata hivyo yeye na fundi wake Geoff Emerick waliharakisha moja, wakapunguza mwendo wa jingine, wakakata utepe na kuubandika. Dunia nzima inausikiliza wimbo huo bila kujua kwamba baada ya takribani dakika moja inavuka mshono. Ukishausikia mshono huo, huwezi tena kuusahau. Na ukiwa mtu wa kazi yangu, unaanza kuitafuta mishono mahali pengine: katika hotuba, katika sera, katika ripoti za tume.

Mfano mkubwa unatuhusu sisi wa Afrika Mashariki, nami sikuutarajia.

Mwezi Januari 1969 The Beatles walikubali kupigwa picha za filamu wakati wakitengeneza nyimbo mpya, kwanza katika studio za filamu za Twickenham, kisha katika chumba cha chini cha ofisi yao, namba 3 Savile Row. Wapiga picha walikuwa na mashine mbili za kunasa sauti aina ya Nagra, na kila roli ilichukua takribani dakika 16. Mashine hizo zilinasa karibu kila kitu. Zaidi ya saa 150 za sauti zilipatikana, na sehemu kubwa yake iliishia mikononi mwa wafanyabiashara wa magendo. Mwaka 2003 polisi wa Uholanzi na Uingereza walikamata kanda zipatazo 500 zilizokuwa zimeibwa. Wakati huo, hata hivyo, wapenzi wa bendi walikuwa wameshazisikiliza, wamezipanga siku kwa siku, na tangu mwaka 1994 Doug Sulpy na Ray Schweighardt walikuwa wamechapisha kitabu kizima kinachoeleza nini kilipigwa na nini kilisemwa.

Waliwezaje kupanga saa zote hizo zilizotawanyika? Jibu lake linapaswa kumfurahisha kila karani wa masijala anayenisoma. Mwanzoni mwa roli nyingi husikika sauti ya mtu wa filamu akitaja namba ya roli na kamera. Ni sauti kavu, isiyo na sanaa, inayowakatiza wanamuziki mashuhuri kuliko wote duniani ili kutaja tarakimu. Bila sauti hiyo, kanda zote zile zingekuwa kelele tu. Ni yeye, karani asiyejulikana, aliyeyageuza makelele kuwa kumbukumbu.

Katika roli za tarehe 9 Januari nilikutana na kitu kilichonifanya niinuke kitini. Paul McCartney anaimba kwa kubuni papo hapo wimbo unaowataja Enoch Powell, Harold Wilson na Edward Heath, kuhusu wahamiaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola. Lennon anamwitikia kwa sauti ya bibi kizee. Wakusanyaji wanauita Commonwealth. Katika siku zile zile, wimbo wa Get Back, ule ule wa gramafoni ya mjomba, ulikuwa na ubeti wa kejeli kuhusu Wapakistani waliodaiwa kuwanyang'anya Waingereza kazi. Kiitikio kile tulichokichezea Tanga, kinachomtaka mtu arudi alikotoka, kilizaliwa katika mazingira hayo. Kilikuwa kejeli dhidi ya wabaguzi, kikiiga maneno yao ili kuwacheka. Baadaye beti hizo ziliondolewa, wakaingizwa watu wawili wa kubuni wasio na siasa yoyote, na tarehe 11 Aprili 1969 santuri ikatoka ikiwa safi.

Sasa tujiulize, kwa nini suala la wahamiaji lilikuwa mezani pao mwezi ule? Jibu linapita Nairobi. Baada ya uhuru wa Kenya, Desemba 1963, wakazi wenye asili ya Asia walipewa miaka miwili kuomba uraia. Wengi walibaki na pasipoti za Uingereza, ambazo Uingereza yenyewe iliwapa. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wasio raia, nao wakaanza kupanda ndege kwenda London. Serikali ya Wilson, kupitia Waziri wa Mambo ya Ndani James Callaghan, ikaupitisha bungeni kwa siku chache tu muswada uliokuwa sheria mwezi Machi 1968. Sheria hiyo iliwafungia mlango wenye pasipoti za Uingereza ambao wao, mzazi wao au babu yao hakuzaliwa Uingereza. Haikutaja rangi, wala haikuhitaji kuitaja. Tarehe 20 Aprili mwaka huo Powell alitoa hotuba yake ya Birmingham dhidi ya wahamiaji. Heath akamwondoa katika uongozi wa chama, na wafanyakazi wa bandari wakaandamana kumuunga mkono Powell. Miaka michache baadaye Kamisheni ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba sheria ile iliwabagua Waasia wa Afrika Mashariki kiasi cha kuwadhalilisha.

Wakati huo kijana mmoja mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, Farrokh Bulsara, alikuwa anasoma London. Familia yake ilikuwa imeondoka visiwani mwaka 1964 baada ya mapinduzi, miaka minne kabla mlango haujafungwa. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury.

Basi santuri ndogo ya mjomba wangu karani, iliyotufanya tucheze uani, ilikuwa na habari zetu ndani yake, nazo zilifutwa kabla haijafika kwetu. Niliijua historia ile ya Waasia wa Kenya kutoka vitabuni, nikaifundisha hata madarasani. Sikujua kwamba ilikuwa imekaa ndani ya wimbo nilioupenda kuliko zote. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa mke wangu jioni ile. Wimbo si ule ule kwa sababu jaribio la mwanzo linakuonyesha kilichoondolewa, na kilichoondolewa hukueleza waliokiondoa walikuwa wanaishi katika dunia ya namna gani.

Hapa lazima niwe mwangalifu, maana wanaharakati wanaonisoma wanaweza kuichukua hoja hii na kukimbia nayo. Rasimu inaweza kusema uongo vilevile. Ubeti ule wa Wapakistani, ukikatwa na kusikilizwa peke yake, unamfanya McCartney aonekane mbaguzi, na wapo waliomshutumu hivyo miaka ya baadaye, hata akalazimika kueleza kwamba nia yake ilikuwa kinyume kabisa. Anayesikiliza roli nzima, na ile iliyotangulia, na kicheko kilichofuata, hawezi kukosea. Kwa hiyo kipande cha rasimu bila mazungumzo yake ni kashfa. Anayevujisha ukurasa mmoja wa ripoti na kuficha kurasa tisa hajafichua kitu. Amehariri tu, kama walivyohariri wale anaowalaumu.

Kuna na mpaka mwingine. Tarehe 10 Januari mpiga gitaa George Harrison aliiacha bendi katikati ya kazi. Siku tatu baadaye Lennon na McCartney walikaa katika chumba cha chakula kuzungumza juu ya mwenzao na juu ya makosa yao wenyewe. Waongozaji wa filamu walikuwa wameficha kinasa sauti ndani ya chungu cha maua. Mazungumzo hayo yamo katika filamu ndefu ya Peter Jackson iliyotoka mwaka 2021, na kabla ya hapo yalikuwa yakizunguka kwenye kanda. Nimeyasikiliza. Yana uzito mkubwa, na kila mara huniachia hisia ya mtu aliyechungulia dirisha la jirani. Watu wawili wanaotafuta namna ya kuokoa urafiki hawakuwa wakifanya kazi ya umma. Mtunzi ana haki ya kapu lake la taka. Upo wimbo mmoja wa majaribio, Carnival of Light, uliorekodiwa Januari 1967, wenye dakika zinazokaribia 14, ambao haujawahi kuvuja wala kutolewa. Zamani niliutamani usiku na mchana. Siku hizi nauachia wenyewe waamue.

Nimefika kwenye ungamo.

Zaidi ya miaka ishirini iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ndogo katika taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Wanafunzi walikuwa wamegoma. Mabomba ya mabweni mawili yalikuwa yamekauka kwa wiki kadhaa, wanafunzi wakawa wanachota maji kwenye kisima kilichokuwa karibu na mfereji wa maji machafu, wengi wakaugua tumbo. Katika mgomo vilivunjwa vioo vya ofisi. Wanafunzi kadhaa walisimamishwa masomo, na mmoja, aliyekuwa msemaji wao, alifukuzwa kabisa. Kamati yetu ilipewa kazi ya kuchunguza chanzo.

Tulifanya kazi kwa uaminifu, angalau mwanzoni. Niliandika rasimu ya kwanza kwa mkono wangu. Ilikuwa na aya moja isiyozidi mistari minane, iliyosema kwamba uongozi ulipokea taarifa ya maandishi kuhusu mabomba hayo mara tatu kabla ya mgomo, ikataja tarehe za barua na namba za majalada. Ilisema pia kwamba msemaji wa wanafunzi ndiye aliyeandika barua ya pili na ya tatu, kwa lugha ya heshima, na kwamba mashahidi walimwona akiwazuia wenzake wasivunje vioo.

Rasimu ilikwenda juu, ikarudi na alama za kalamu nyekundu. Ikaenda tena, ikarudi tena. Rasimu ya tano haikuwa na tarehe wala namba za majalada. Badala yake ilisema kwamba tatizo lilitokana na "mawasiliano hafifu miongoni mwa wadau". Sentensi hiyo niliiandika mimi. Nakumbuka hata nilivyojisifu moyoni kwa ulaini wake. Kisha tukaagizwa kuteketeza nakala zote za awali ili "kuepusha mkanganyiko". Nilizibeba mwenyewe mpaka nyuma ya jengo, ambako mlinzi alikuwa na pipa la kuchomea taka. Karatasi za aina ile haziungui upesi zikiwa zimebanwa pamoja. Mlinzi alichukua mti akawa anazipekua ili hewa ipite, na kila alipozipekua niliuona mwandiko wangu. Jioni ile nilirudi nyumbani, nikala, nikafungua kabati, nikasikiliza majaribio mawili ya wimbo wa watu wa Liverpool, nikilinganisha mahali ambapo mpiga besi alibadilisha noti moja.

Sikuuona uhusiano wowote. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko moshi wenyewe.

Mwaka jana mtu mmoja alinipigia simu, akaomba kuja kuniona. Alikuwa yule msemaji. Ni mtu mzima sasa, mvi zimeanza, anauza vipuri vya pikipiki katika mji wa mkoani. Aliingia, akaniamkia, "Shikamoo Mwalimu," nikaitikia, tukanywa chai, tukaulizana habari za watoto. Kisha akasema shida yake. Anataka kusoma tena, na kila anapoomba nafasi, kumbukumbu ya kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu inatangulia jina lake. Aliwahi kusikia kwamba rasimu ya kwanza ilisema jambo tofauti. Akaniuliza, bila hasira, kama nilikuwa nimebaki na nakala.

Nilitazama kabati. Katika rafu ya chini mlikuwa na majaribio ya wimbo uliotungwa na watu nisiowajua, katika nchi isiyo yangu, yamepangwa kwa tarehe na namba za roli. Aya ile ya mistari minane, ambayo ingeweza kubadilisha maisha ya mtu aliyekaa mbele yangu, nilikuwa nimeipeleka motoni kwa mikono hii. Nilimwambia ukweli. Alinyamaza kwa muda, akageuza kikombe kwenye kisahani, akasema, "Basi Mwalimu, wewe ndiye nakala iliyobaki."

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida methali hiyo tunawaambia wenye maduka. Nadhani inawahusu zaidi wenye ofisi. Mwanamuziki anaweza kuchoma rasimu yake kwa sababu ni yake. Alilala njaa yeye, akaitunga yeye, aibu yake ni yake. Rasimu ya ofisi ya umma imeandikwa kwa mshahara uliolipwa na mama muuza mchicha kupitia kodi ya sabuni na sukari. Mwenye ofisi hana kapu la taka lililo lake binafsi. Tunayo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, tunayo na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Lakini sheria hulinda kile kilichoingia masijala. Kinachochomwa usiku kabla hakijapewa namba hakilindwi na sheria yoyote, kwa kuwa hakuna ushahidi kwamba kiliwahi kuwapo. Kwa sababu hiyo mtu wa kwanza wa kulinda ukweli katika ofisi zetu hawi jaji wala mwandishi wa habari. Ni yule karani anayetaja namba ya roli: mtu wa masijala anayeipokea rasimu ya kwanza, anaipiga muhuri wa tarehe, anaipa folio, na hakubali ing'olewe kwenye jalada kwa maneno ya mdomo.

Najua pia wasiwasi wa watumishi wenzangu. Ikiwa kila rasimu itatunzwa, nani atathubutu kuandika kwa uhuru? Wasiwasi huo ni wa kweli. Watu wanahitaji nafasi ya kukosea kabla ya kusema mbele ya umma, kama vile bendi ilivyohitaji majaribio 26. Ndiyo maana sisemi rasimu zitangazwe siku ile ile. Zikae zimefungwa kwa muda unaokubalika kisheria, zikae nzima, pamoja na maelekezo ya kalamu nyekundu na jina la aliyeishika kalamu. Kuchelewesha ukweli na kuuchoma ni mambo mawili tofauti. Kanda za Twickenham zilikaa gizani miaka mingi, na bado ziliposikilizwa ziliweza kusema.

Kwa yule mgeni wangu nilifanya kidogo nilichoweza. Niliandika maelezo ya kiapo kueleza rasimu ya kwanza ilisema nini, kadiri ninavyokumbuka, na jinsi ilivyobadilika hadi ya tano. Nilitaja wazi sentensi ipi niliiandika mimi, na kwamba mimi ndiye niliyepeleka nakala kwenye pipa. Tarehe za barua sikuzikumbuka. Namba za majalada sikuzikumbuka. Wakili alinitahadharisha kwamba kumbukumbu ya mzee bila karatasi ni ushahidi dhaifu, na yuko sahihi. Ombi la mgeni wangu limewasilishwa, bado halijajibiwa.

Wanafunzi wangu mnaosoma haya, mtaingia katika kamati kama ile, mapema kuliko mnavyodhani. Mtapewa kalamu, na siku moja mtaelekezwa pipa lilipo. Nami kwenye rafu ile ya chini nimepunguza kanda nikafanya nafasi. Nimeweka jalada jipya, tupu bado, isipokuwa nakala moja ya kiapo, tarehe juu kulia, folio namba moja.